Nasomea sayansi ya biomedikali, mama anatangaza nasomea udaktari

BARUA

Shikamooni walezi wa safu hii,

Mimi ni binti wa miaka 20, mzaliwa wa Tanga. Tulihamia Uingereza nikiwa na miaka 11, na sasa tunaishi Midlands. Nipo mwaka wa pili chuo kikuu, nasoma shahada ya sayansi ya biomedikali. Nilipomaliza A-level niliomba udaktari nikakosa. Matokeo yangu yalikuwa B mbili na C. Kozi hii niliichukua dakika za mwisho kwa sababu niliambiwa ni njia ya kuingilia udaktari baadaye, na kwamba nikikosa udaktari nitaajiriwa maabara ya hospitali.

Mwezi Novemba alikuja mgeni darasani, mtu wa maabara ya hospitali. Akatuambia shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mwanasayansi wa biomedikali. Lazima usajiliwe na HCPC, baraza la usajili wa taaluma za afya Uingereza, na husajiliwi bila potifolio ya mafunzo ya maabara, yaani jalada la ushahidi wa kazi ulizofanya. Darasa zima lilinyamaza. Kozi yetu ni ya miaka 3, ila mtu akipata hospitali anaweza kuweka mwaka mmoja wa fildi katikati. Chuo kina nafasi chache mno, na usaili wa ndani ulishapita Oktoba. Mimi sikuomba, maana sikujua uzito wake.

Nimeandikia hospitali mbili mwenyewe. Moja ilijibu kwamba inapokea wanafunzi wa vyuo vyenye mkataba nayo tu. Nyingine ilisema haina nafasi. Barua yangu ilianza hivi: "Tangu utotoni nina ndoto ya kuwa daktari na kusaidia watu, na naamini mwaka mmoja katika maabara yenu utanisogeza karibu na ndoto hiyo."

Kinachoniumiza zaidi ni nyumbani. Mama amewaambia wote, kuanzia bibi kule Pangani hadi wenzake wa kikoba hapa, kwamba mwanawe anasomea udaktari. Nilipojaribu kumweleza alisema, "Kwa hiyo miaka 9 nimesafisha maofisi ya watu ili uwe mpima mikojo?" Sikuwa na jibu. Sasa anataka niache chuo nikaanze udaktari nchi nyingine ya Ulaya, na shangazi ameshaanza kuchangisha.

Naomba mnisaidie. Mwaka na nusu huu umepotea? Nitapataje fildi sasa, Januari hii? Udaktari bado unawezekana? Na siku nikitaka kurudi kufanya kazi Tanzania, cheti hiki kitanifaa?

Binti wa Tanga

JIBU

Marahaba, mwanetu. Mwaka na nusu haujapotea. Lakini fildi ya Septemba ijayo imebakiza wiki chache kabla milango haijafungwa, kwa hiyo tutaanza na hilo. La mama tutalifikia, hatujalisahau.

Kwanza hakikisha una nini mkononi. Fungua tovuti ya IBMS, chama cha kitaaluma cha wanasayansi wa biomedikali Uingereza, utafute orodha ya shahada zenye ithibati. Angalia jina la chuo, kisha jina la kozi neno kwa neno kama lilivyoandikwa kwenye barua yako ya kujiunga, kisha mwaka ulioanza. Vyuo vingi vina kozi tatu nne zenye majina yanayofanana, zinazokaa darasa moja kwa nusu ya vipindi, na ithibati ikawa ya moja tu. Kama yako imo, endelea kusoma jibu hili kwa amani. Kama haimo, uliza ofisi ya kitivo wiki hii kama unaweza kuhamia iliyomo, maana mwaka wa pili kuhama ndani ya chuo kilekile bado kunawezekana. Ukishahitimu bila ithibati, IBMS hutathmini shahada yako somo kwa somo na kukutajia masomo ya kuongezea, na hayo utayalipia mwenyewe.

Yule mgeni wenu alisema kweli, ila inaonekana darasa liliondoka na nusu ya maneno yake. "Mwanasayansi wa biomedikali" ni jina linalolindwa na sheria Uingereza. Kulitumia bila kuwa kwenye daftari la HCPC ni kosa. Ili uandikishwe kwa njia yenu unahitaji vitu viwili: shahada yenye ithibati, na Cheti cha Umahiri ambacho IBMS hutoa baada ya potifolio ya usajili kukamilika na kukaguliwa. Potifolio hiyo hujazwa ndani ya maabara ambayo IBMS imeiidhinisha kufundisha, si kwenye maabara ya chuo. Lakini hakuna kanuni inayosema lazima ijazwe kabla hujahitimu. Anayeikosa fildi anaweza kuhitimu kwanza, akaajiriwa maabara, akaijaza akiwa kazini. Njia hiyo ni ndefu kidogo, na wengi walioko kwenye benchi za maabara leo waliipita.

Kuna njia ya tatu ambayo wanafunzi wengi hawaisikii. Vyuo kadhaa vina shahada zilizoidhinishwa na HCPC yenyewe, ambazo mafunzo ya hospitali yamefungwa ndani ya kozi. Anayeimaliza anaomba usajili moja kwa moja. Uliza kama chuo chako kinayo na kama kinapokea watu kutoka mwaka wa pili.

Sasa barua yako. Tunaamini iliandikwa kwa moyo safi, na hilo ndilo linalotusikitisha, kwa sababu sentensi yake ya kwanza inakufungia mlango. Jiweke kwenye kiti cha ofisa mafunzo. Mtu huyu kwa kawaida ni mwanasayansi mwenye zamu zake kama wengine, na mafunzo ni mzigo wa juu yake. Kila mwanafunzi anakula mamia ya saa zake: kuonyeshwa mashine, kusimamiwa, kupimwa umahiri, kusomewa kazi zake za potifolio. Idara inayaingia hayo kwa sababu inatafuta wafanyakazi wa kesho. Wewe umemwambia mstari wa kwanza kwamba unapita tu. Hata kama nafasi ilikuwepo, haikuwa yako.

Andika upya, kwa kitu ulichokifanya kwa mikono yako. Mfano huu uchukue kama kiolezo, si wa kunakili. Zoezi liwe lako kweli:

"Nipo mwaka wa pili wa shahada yenye ithibati ya IBMS. Natafuta mafunzo ya miezi 12 kuanzia Septemba ili nikamilishe potifolio ya usajili. Katika zoezi la kupima glukosi, sampuli yetu ya udhibiti ilitoka nje ya mkengeuko sanifu 2. Tulisimamisha kazi, tukakuta kitendanishi kilikuwa kimekaa nje ya friji, tukafungua kipya, tukarudia udhibiti kabla ya kusoma sampuli yoyote. Ningependa kujifunza jinsi uamuzi huo unavyofanyika pale ambapo majibu ni ya mgonjwa halisi."

Aya hiyo moja inamwambia msomaji mambo manne: unajua unachoomba, unajua udhibiti wa ubora ni nini (kupima kwanza sampuli ambayo jibu lake linajulikana), hutoi majibu wakati udhibiti umeshindwa, na una adabu ya kazi. Neno la udaktari liache nje. Si kudanganya, kwa sababu hujaulizwa na hujui mwenyewe utakavyojisikia baada ya mwaka ndani. Ila usiandike kwamba utabaki maabara maisha yako yote kama hujakusudia.

Usitume barua kwa anwani ya jumla ya hospitali. Piga simu ya mapokezi, omba idara ya patholojia, ndiyo yenye maabara, kisha omba jina la ofisa mafunzo wa sayansi za damu, wa mikrobiolojia, na wa patholojia ya tishu. Mara nyingi hao ni watu tofauti, kila mmoja na nafasi zake, na anayekosa nafasi kwenye damu anaweza kuipata kwenye tishu ambako waombaji huwa wachache. Muulize jambo moja kabla ya yote: "Idara yenu ina idhini ya IBMS ya mafunzo ya usajili?" Bila idhini hiyo utapata mwaka mzuri wa kazi lakini hutapata potifolio. Kuhusu ile hospitali ya mikataba, hapo hakuna ubaya wowote uliofanyiwa. Mwambie mratibu wa fildi wa chuo chako aulize kama mkataba wa mwanafunzi mmoja unawezekana; vyuo huwa na fomu za namna hiyo, na simu ya mratibu ina uzito kuliko ya mwanafunzi. Muulize pia kama kuna aliyepata nafasi Oktoba akajitoa, kwa maana kila mwaka wapo. Andikia idara zisizopungua 15, na ukubali kwenda mji mwingine.

Kuhusu fedha: katika England ada ya chuo kwa mwaka wa fildi haizidi asilimia 20 ya ada ya kawaida. Fildi nyingi za hospitali hazina mshahara. Kwa kawaida mkopo wa kujikimu hupungua mwaka wa fildi, lakini mafunzo yasiyo na malipo katika hospitali ya umma yamo kwenye orodha ya yale yanayoruhusu mkopo kamili. Waulize ofisi ya mikopo kwa maandishi kabla hujasaini chochote.

Ukiitwa kwenye usaili, tarajia kuulizwa kuhusu lebo. Swali la kawaida ni hili: sampuli ya damu kwa ajili ya kuongezewa damu imefika, lebo haina tarehe ya kuzaliwa, wodi inapiga simu kwamba mgonjwa yuko hali mbaya, na muuguzi anaomba aje aijaze. Jibu ni hapana. Sampuli inakataliwa, unaeleza kwa upole, unaomba nyingine, na wakati huohuo unamwita mwandamizi ili damu ya dharura ya kundi O itoke kama inahitajika. Lebo iliyorekebishwa baadaye haina ushahidi kwamba damu iliyomo ndani ni ya mtu huyo. Mgonjwa wa kundi O akipewa damu ya kundi A, kingamwili alizonazo tayari huzishambulia seli hizo mara moja, na anaweza kufa. Huruma ndiyo inayokufanya ukatae.

Tukupe na mfano mmoja wa biokemia, kwa sababu huu utakufaa kwenye usaili na utakufaa zaidi sebuleni kwenu. Yanatoka majibu ya mama mmoja aliyelazwa: potasiamu 7.9 milimoli kwa lita, wakati kawaida ni kama 3.5 hadi 5.3. Kiwango hicho kinaweza kusimamisha moyo, na daktari akikiona ataanza matibabu ya haraka ya insulini na glukosi. Lakini mwanasayansi aliyeko kwenye skrini anaona na kalsiamu: 1.1, ambayo kawaida ni 2.2 hadi 2.6. Kimeng'enya cha ALP nacho kimeshuka sana. Hesabu hizo tatu kwa pamoja zinasema kitu kimoja. Chupa ya kifuniko cha zambarau ina EDTA yenye potasiamu, dawa inayozuia damu kuganda kwa kuikamata kalsiamu. Hukamata pia zinki na magnesiamu, na bila hizo ALP haifanyi kazi. Kuna mtu aliona damu imepungua kwenye chupa ya kifuniko cha njano akamiminia kutoka ile ya zambarau. Mama huyu hana tatizo lolote la potasiamu. Mwanasayansi anapiga simu wodini, majibu hayo hayatolewi, sampuli mpya inachukuliwa, inatoka 4.2. Angepewa insulini bila sababu, potasiamu yake nzuri ingeshuka na sukari ikashuka nayo.

Huo ndio "upimaji wa mikojo" wenyewe, mwanetu.

Kama Septemba itapita bila fildi, usikae bure. Tafuta kazi ya msaidizi wa maabara kwenye tovuti ya ajira ya NHS, huduma ya afya ya umma Uingereza, daraja la mshahara la 2 au la 3, hata ya likizo au ya mwishoni mwa wiki. Utapokea sampuli, kulinganisha lebo na fomu, kuendesha sentrifuji, kupakia mashine. Ni kazi ya kuchosha miguu, lakini ndiyo inayokufundisha makosa yanazaliwa wapi, na inakuweka ndani ya jengo ambamo nafasi za mafunzo hutangazwa. Baada ya kuhitimu, omba nafasi za mwanafunzi wa kazi au za msaidizi wa daraja la 4, na kwenye usaili uliza waziwazi: "Nitapewa potifolio, na kwa muda gani?" Wengi wamekaa miaka wakiahidiwa "baadaye." Omba iandikwe kwenye makubaliano.

Na ukiipata potifolio, ianze mwezi wa kwanza. Wanaochelewa wanachelewa kwa sababu moja: wanakusanya karatasi. Wanapiga kopi taratibu za maabara kurasa 40 wakidhani ni ushahidi. Ushahidi ni kitu kinachoonyesha wewe ulifanya nini na ulielewa nini: karatasi ya udhibiti uliyoitafsiri, tukio la sampuli iliyokataliwa na maelezo yako ya kwa nini, umahiri uliosainiwa. Na futa majina na namba za wagonjwa kwenye kila karatasi kabla hujaipachika. Jina moja lililosahaulika ni uvunjaji wa siri ya mgonjwa, na litaonekana. Mwishoni anakuja mkaguzi kutoka nje, ambaye hakukufundisha. Atapitia potifolio, kisha utamtembeza maabara nzima ukimweleza safari ya sampuli tangu inapopokelewa. Jizoeze safari hiyo kwa sauti.

Mshahara: kwa viwango vya NHS vya England vya 2025/26, daraja la 5, ambalo ndilo la aliyesajiliwa karibuni, lilianzia pauni 31,049. Ukipata diploma ya ubingwa ya IBMS katika fani moja unaweza kuomba daraja la 6, lililoanzia pauni 38,682, na juu yake yapo ya uongozi. Kuna pia njia ya mwanasayansi wa kliniki, jina jingine linalolindwa. Mafunzo yake ni ya miaka 3, unalipwa ukisoma shahada ya uzamili, maombi hufunguliwa mara moja kwa mwaka, na ushindani ni mkali. Kwa kawaida wanataka shahada ya daraja la pili la juu (2:1). Nje ya hospitali kuna majaribio ya dawa, udhibiti wa ubora viwandani, huduma ya damu ya taifa, makampuni ya mashine za maabara yanayotafuta watu wa kufundisha wateja, na uchambuzi wa data za jenetiki kwa anayependa kompyuta. Kwa hizo nyingi HCPC haihitajiki, lakini mwaka wa maabara unahesabiwa kila mahali.

Udaktari bado unawezekana, na wa njia halali kabisa: kozi ya miaka 4 kwa wenye shahada. Vyuo vingi vinataka daraja la pili la juu na mtihani wa UCAT au GAMSAT, na maombi ya udaktari hufungwa 15 Oktoba ya mwaka unaotangulia. Matokeo ya A-level vingine huyaangalia bado, vingine huyaacha, kwa hiyo soma masharti ya kila chuo kabla ya kulipia mtihani. Kwa hapo ulipo, alama zako za mwaka wa pili na wa tatu ndizo tiketi. Kuacha sasa ukaanze upya nchi nyingine hatukushauri. Mkopo wa serikali ya Uingereza haulipii shahada nzima ya nje, kila senti itatoka kwenye kikoba cha mama na mifuko ya ndugu, na ukirudi utakuwa na mitihani na usajili wa GMC, baraza la madaktari Uingereza, mbele yako. Mwombe shangazi kwa heshima asitishe mchango. Akishapeleka fedha itakuwa vigumu zaidi kwako kusema ukweli.

Kwa Tanzania, cheti kitakufaa ukikiandaa. Shahada ya nje hupelekwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, itambuliwe, na kufanya kazi ya maabara ya afya kunahitaji usajili wa Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Hapo ndipo usajili wa HCPC na rekodi ya mafunzo ya vitendo vitakapokusemea, kwa sababu shahada yako peke yake inaonekana ya nadharia ukilinganisha na ya aliyesoma sayansi ya maabara za tiba Muhimbili au KCMC. Tunza muhtasari wa kila somo ulilosoma, wenye saa zake. Kuutafuta chuoni miaka 10 baadaye ni tabu. Na ukifika usijitambulishe tu kama "mtu wa biomedikali," maana katika hospitali nyingi za kwetu neno hilo linamleta akilini fundi wa vifaa tiba, anayetengeneza mashine. Sema mtaalamu wa maabara. Kama moyo uko kwenye utafiti, tazama NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ambayo ina kituo huko kwenu Tanga, na Taasisi ya Afya Ifakara yenye kituo Bagamoyo. Wakenya nao wana KEMRI, taasisi yao ya utafiti wa tiba, na washirika wake Kilifi.

Sasa mama. Maneno yake yamekuchoma, lakini ndani yake kuna hofu ya mtu aliyetoa miaka 9 na anaogopa imekwenda bure. Usimjibu kwa madaraja na vifupisho. Mwulize: ukipelekwa hospitali ya Bombo na homa, daktari akisema "kapimwe damu," ni nani anayesema ni malaria au si malaria? Mtu aliyekaa kwenye hadubini, aliyepaka tone nene, akalitia rangi ya Giemsa, akahesabu vimelea. Daktari anamsubiri yeye. Kisha mwambie kisa cha potasiamu, polepole, na umwonyeshe rangi za vifuniko. Mwambie kazi hii ina usajili wa taifa kama ilivyo ya wakunga na wauguzi. Na umwombe jambo moja tu kwa sasa: asimsahihishe bibi leo, ila aache kuongeza watu wapya kwenye habari ya udaktari.

Halafu mpe kazi, kwa sababu anayo. Hospitali haitakuingiza maabara bila kitengo cha afya kazini kuona kumbukumbu za chanjo zako, hasa homa ya ini B, na pia surua na kifua kikuu. Watoto wengi waliozaliwa Tanzania miaka ya 2000 walichanjwa homa ya ini B utotoni, pamoja na dondakoo, pepopunda na kifaduro. Mama aitafute kadi yako ya kliniki. Pengine ipo kwenye begi lilelile la vyeti vya kuzaliwa. Ikipatikana, utapimwa kiwango cha kingamwili tu na pengine kuongezewa dozi. Isipopatikana, anza chanjo upya mwezi huu: dozi ya pili ni baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6 tangu ya kwanza, yaani Julai, na kipimo cha kingamwili mwezi 1 au 2 baadaye. Hesabu mwenyewe inaangukia wapi: Agosti au Septemba, fildi inapofunguliwa.